Mgongo wa zulia la vipande, na kitambaa ambacho hakikufumwa

Anayekwenda kununua zulia Darajani au Mlandege, mjini Unguja, huanza kwa kupitisha kiganja juu ya manyoya. Likiwa laini na rangi imempendeza, anauliza bei. Kwa zulia la chumbani, lile la kuviringisha linalokatwa kwa mita, si vibaya kuanzia hapo. Zulia la vipande ni jambo jengine. Vile vipande vya mraba, sentimita 50 kwa 50, vinavyopangwa maofisini, kwenye kumbi za mikutano, mabenki na korido za hoteli, havichaguliwi kwa kiganja, kwa sababu huharibikia mgongoni. Utakuta manyoya mazima, rangi haijapauka, lakini pembe zimenyanyuka, nafasi kati ya kipande na kipande zimefunguka, na kila anayepita anajikwaa. Mwenye ofisi hulaumu gundi, fundi hulaumu sakafu, muuzaji humlaumu fundi. Mara nyingi kosa lilishafanyika mbali sana na hapa, siku kilipotengenezwa kitambaa ambacho hakuna hata mmoja wao aliyepata kukiona.

Kitambaa hicho nataka kukieleza kwa urefu, kwa sababu hapa Unguja na Pemba kinapewa kazi ngumu. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Masika ikiingia, kuanzia Machi hadi Mei, hata sakafu ya marumaru hutoka jasho. Juu ya hayo, ofisi huwasha kiyoyozi asubuhi na kukizima jioni, kwa hiyo zulia hukaushwa mchana na kunyweshwa unyevu usiku, siku nenda siku rudi. Zulia lililosifiwa katika nchi kavu linaweza kushindwa hapa.

Tafuta kipande kibovu kilichotupwa, ukate pembe yake kwa kisu kikali, kisha uitazame kwa ubavu. Juu kabisa ni manyoya, mara nyingi ya nailoni. Chini yake utaona utando mwembamba, mweupe au wa kijivu, ambao kila uzi umeupenya na kurudi juu. Hicho ndicho kitambaa cha msingi. Kinafuata ute wa gundi iliyokauka, halafu tabaka nene linalokipa kipande uzito wake, ama la PVC, plastiki ya jamii ya mabomba ya maji, ama la lami iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, ama la plastiki za jamii ya polipropilini. Likwangue tabaka hilo taratibu na katika vipande vingi utakutana na nyuzi nyeupe zinazomeremeta na kuchoma vidole: ni faiba, nyuzi za kioo, zile zile wanazotumia mafundi wa boti. Na ukiwa mgongo wenyewe ni wa lami, mwisho kabisa, upande unaogusa sakafu, kwa kawaida kuna utando mwengine laini wa nyuzi zilizosongamana. Hivyo ni vitambaa vitatu ndani ya kitu ambacho unene wake haufiki sentimita moja, na hakuna hata kimoja kilichopita kwenye mtambo wa kufumia.

Tuanze na hilo la kutofumwa, maana ndiko wengi wanakokwama. Mama wa Pemba anayesuka mkeka hupitisha jani juu ya jani na chini ya jani, ukili unatoka kidogo kidogo, kisha ukili hushonwa kwa ukili mpaka mkeka ukamilike. Kila jani limebanwa na jirani yake, na mpangilio huo ndio nguvu ya mkeka. Kitambaa cha kufumwa kinafuata njia hiyo hiyo kwa nyuzi. Kitambaa kisichofumwa hakina mpangilio huo kabisa: nyuzi humwagwa zikalala kila upande, moja juu ya nyengine, kisha hushikanishwa pale zilipokutana, ama kwa joto, ama kwa gundi, ama kwa kudungwadungwa na sindano mpaka zikasokotana.

Ukisikia hivyo utadhani ni kitambaa cha kubahatisha. Kwa kazi ya zulia la vipande ni kinyume chake. Twaa kanga, uivute kwa urefu: inakataa. Ivute kwa upana: inakataa. Sasa ishike pembe kwa pembe, uivute kwa mshazari, utaiona inanyooka na umbo lake kupinda. Kila kitambaa cha kufumwa kina udhaifu huo, kwa kuwa nyuzi zake zina pande mbili tu za kushikia. Kisichofumwa kina nyuzi zinazoelekea kila upande, kwa hiyo ukikikata mraba, hubaki mraba. Tena hakifumuki. Kipande cha zulia kimekatwa pande zote nne, na kila ukingo uko wazi kwa viatu, fagio na mashine ya kufyonza vumbi. Kitambaa chenye tabia ya kufumuka kingeanza kuachia nyuzi pembeni mapema sana.

Huna haja ya kwenda kiwandani kukiona kitambaa cha jamii hii. Kipo jikoni kwako. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki miaka kadhaa kabla ya Bara, na Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, ndipo ikasambaa mifuko mbadala tunayobebea unga na mboga. Uinue mmoja mbele ya taa. Utaona vidoto vidogo vilivyopangwa safu kwa safu, na kati ya vidoto nyuzi nyembamba zisizo na mwisho zimejipindia ovyo. Hiyo ni polipropilini iliyoyeyushwa, ikavutwa kuwa nyuzi, ikalazwa na kubanwa kwa roli ya chuma ya moto yenye vinundu. Kila kidoto ni mahali ambapo nyuzi ziliyeyuka zikashikana. Kwa Bara, mfuko wa namna hiyo ulitakiwa usipungue gramu 70 kwa mita ya mraba. Kitambaa cha msingi cha zulia la vipande kwa kawaida huwa kizito zaidi, karibu gramu 100 hadi 120, na ukikitazama kwa taa mara nyingi huoni vidoto, kwa sababu kilishikanishwa kwa njia nyengine. Nitaifikia.

Malighafi kuu ya kitambaa cha msingi ni poliesta, kwa jina la kiwandani PET, yaani plastiki ile ile ya chupa za maji ya kunywa. Huja ikiwa punje ndogo, na kabla ya jambo lolote ni lazima zikaushwe. Ukaushaji huo si wa kuanika juani. Poliesta iliyoyeyuka ikikutana na maji, minyororo ya molekuli zake hukatika, na uzi unaotoka huwa dhaifu. Kwa hiyo punje hupigwa hewa ya moto kwa saa kadhaa mpaka maji yaliyobaki ndani yake yasizidi takriban gramu 50 katika tani nzima. Ghala la kawaida lenye hewa ya pwani linaweza kuzifanya punje hizo hizo zinywe kilo kadhaa za maji kwa tani. Wanaodhani kiwanda cha namna hii ni kununua mashine na kuiwasha hawajalifikiria jambo hilo.

Punje kavu huingia kwenye pipa refu la chuma lenye skrubu inayozunguka ndani yake. Hapo huyeyuka, joto likifika karibu nyuzi 280 hadi 290 za Selsiasi. Uji huo mzito hupita kwenye machujio ya waya, maana chembe moja ya uchafu hukata uzi na kuacha kinundu kwenye kitambaa. Pampu hupima kiasi kwa uangalifu ili kila sehemu ya upana ipate sawa na mwenziwe. Mwisho uji husukumwa kupitia sahani za chuma zenye maelfu ya matundu, kila tundu sehemu ndogo tu ya milimita, na kutoka kila tundu hushuka uzi mmoja usiokatika.

Hapa ndipo ubora wote unapoamuliwa. Uzi unaotoka kwenye tundu ni mnene na mlegevu. Hewa baridi huupuliza ukagande, kisha hewa ya kasi huunyakua na kuuvuta kwenda chini, na kwa poliesta mwendo huo hupita mita 4,000 kwa dakika. Ni kilomita 240 kwa saa, kasi ambayo hakuna gari litakalofika kwenye barabara ya Chake Chake hadi Wete. Mvuto huo huzipanga molekuli zikalala upande mmoja kwa urefu wa uzi, na uzi unakuwa mwembamba, maikroni 15 hadi 40 hivi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), wenye nguvu na uliotulia. Kiwanda kinachopunguza mvuto ili kuokoa hewa na umeme hupata uzi ambao kwa macho hauna kasoro, lakini molekuli zake hazikutulia. Siku utakapopata joto tena, utajikunja. Kitambaa cha namna hiyo kinaondoka kiwandani kikiwa na kunywea ndani yake, kikingoja tu siku ya kupashwa moto.

Nyuzi zilizovutwa hutawanywa na kudondoshwa kwenye mkanda wa wavu unaotembea, na chini ya mkanda kuna mashine inayovuta hewa ili zilale zisipeperuke. Mkanda ukienda haraka kitambaa huwa chepesi, ukienda polepole huwa kizito. Hapo bado ni lundo tu la nyuzi. Ukiligusa linaachana.

Sasa namna ya kushikanisha, ambayo kwangu mimi ndiyo sehemu ya ustadi mkubwa kuliko zote. Ukipitisha poliesta tupu kati ya roli za moto na kuikandamiza yote, utapata kitu kigumu na kikavu kinachokaribia karatasi. Sindano ya mashine ya zulia itakikata badala ya kukipenya. Wataalamu walitafuta njia nyengine: uzi mmoja wenye plastiki mbili. Kiini chake ni poliesta, inayoyeyuka karibu nyuzi 255 hadi 260. Ganda lake ni nailoni ya aina ya 6, inayoyeyuka karibu nyuzi 220, au ni poliesta nyengine iliyotengenezwa iyeyuke mapema. Lundo hupitishiwa hewa ya moto ambayo joto lake liko kati ya hayo mawili. Ganda hulainika, kiini hakishtuki, na popote nyuzi mbili zinapokutana huachwa zimeungana. Kati ya kiungo na kiungo uzi uko huru. Hakuna vidoto, kwa kuwa hakuna kilichokandamizwa. Ukikipapasa kitambaa hicho kinanesa kidogo, na sindano ikija nyuzi hujisogeza kando ikapita.

Na sindano zitakuja nyingi. Mashine ya kushonea manyoya ina safu moja ndefu ya sindano kwa upana wote wa kitambaa. Zikiwa zimeachana kwa milimita 2.54, kipimo cha kawaida katika zulia la ofisini, mashine ya upana wa mita 2 hubeba karibu sindano 790. Zote hushuka kwa pamoja, kila moja na uzi wake, zikapenya kitambaa. Upande wa pili vibanio hudaka uzi na kuacha kitanzi, sindano zikapanda, kitambaa kikasogea mbele kidogo, zikashuka tena. Kwa vitanzi 4 katika kila sentimita, mita moja ya mraba hudungwa zaidi ya mara laki moja na nusu. Kitambaa kinatakiwa kihimili matundu yote hayo, kibane kila kitanzi kisichomoke mpaka gundi ije, na bado kiwe na nguvu ya kuvutwa kwenye mitambo inayofuata bila kupungua upana. Ndiyo maana kabla ya kushonwa hupakwa dawa kidogo ya kuteleza, ili nyuzi ziikwepe sindano badala ya kukatwa nayo. Dawa ikipungua nyuzi hukatika. Ikizidi, gundi haishiki baadaye.

Kabla hatujaendelea na joto, nirudi nyuma kidogo, kwa sababu visiwa hivi vinaijua vizuri malighafi iliyotangulia. Zulia la kushonwa kwa sindano lilitokana na vitanda. Mwaka 1895, karibu na mji wa Dalton katika jimbo la Georgia, Marekani, binti aitwaye Catherine Evans alitengeneza tandiko la kitanda kwa kupachika vishungi vya uzi kwenye kitambaa. Wenzake wakaiga, ikawa biashara ya mji mzima, na kufikia miaka ya 1930 mashine zilikuwa zimeanza kushika kazi ya mikono. Baada ya Vita Vikuu vya Pili mashine zikapanuliwa kufikia upana wa zulia, na kwa muda mrefu kitambaa cha msingi kilikuwa juti, ile ile ya magunia ya karafuu. Kila aliyepata kubeba karafuu Pemba anajua gunia likinyeshewa linakuwaje: linavuta, linanuka, likikaa linaota ukungu. Chini ya zulia mambo yalikuwa hayo hayo, na zaidi ya hapo juti iliyolowa hupandisha madoa ya kahawia mpaka kwenye manyoya. Katika miaka ya 1960 na 1970 juti iliiachia nafasi polipropilini ya kufumwa, ambayo haiozi. Huo ndio mgongo wa mazulia mengi ya kuviringisha mpaka leo, na ndiyo maana ukigeuza zulia la chumbani unaona miraba midogo ya plastiki.

Kwa upande wa vitambaa visivyofumwa, DuPont ya Marekani ilianza kuuza vya nyuzi zisizokatika katika miaka hiyo hiyo ya 1960. Ujerumani kulikuwa na Freudenberg ya mji wa Weinheim, iliyoanza mwaka 1849 kwa kutengeneza ngozi. Katika miaka ya 1930, ikitafuta mbadala wa ngozi, ikaingia kwenye vitambaa visivyofumwa, na leo ni miongoni mwa majina makubwa duniani katika kitambaa cha msingi cha zulia la vipande.

Kwa nini basi zulia la vipande halikuridhika na polipropilini ya kufumwa, ambayo ni rahisi? Kwanza ni ule mshazari niliouonyesha kwa kanga. Pili, sindano ikiangukia juu ya utepe wa plastiki husukumwa kando, safu ya manyoya ikapinda. Kwenye zulia refu la chumbani huoni kitu. Kwenye vipande vilivyopangwa bega kwa bega, mchoro wa huku haukutani na wa kule. Tatu, na hili ndilo zito, ni joto. Baada ya kushonwa, zulia hupakwa gundi ya mpira na kukaushwa kwenye tanuri. Kisha humiminiwa mgongo: PVC ya majimaji hugandishwa kwa joto la nyuzi 150 mpaka 180 hivi, na lami nayo humiminwa ikiwa ya moto sana. Polipropilini huyeyuka karibu nyuzi 160 hadi 165, na muda mrefu kabla ya kuyeyuka huwa imeanza kunywea. Poliesta hapo bado ina karibu nyuzi 80 za akiba.

Halafu unyevu. Katika hewa ya wastani ya maabara, nailoni hubeba maji kiasi cha asilimia 4 ya uzito wake, poliesta asilimia 0.4 tu. Nailoni ikinywa maji inarefuka, ikikauka inarudi. Manyoya ya nailoni yana ruhusa ya kufanya hivyo, hayamsumbui mtu. Kitambaa cha msingi hakina ruhusa, kwa sababu kimegandana na matabaka mengine ambayo hayarefuki kwa kiasi hicho. Ndiyo maana nailoni huachiwa ganda jembamba tu, na poliesta ikatawala kiini.

Kunyanyuka kwa pembe sasa kunaeleweka. Kipande ni matabaka yaliyogandishwa pamoja, na kila tabaka lina tabia yake ya kurefuka na kunywea. Tabaka la juu likinywea kuliko la chini, pembe hupanda. Likinywea la chini, pembe hutulia na katikati kunavimba. Huenda kiwandani zulia lilivutwa mno likiwa moto, likapoa likiwa bado limevutika, basi mvuto huo hubaki ndani yake. Miezi baadaye, karibu na dirisha la kioo linalopigwa na jua la mchana, joto hulegeza plastiki na kitambaa hudai urefu wake wa zamani.

Hesabu yake ni ndogo lakini inaumiza. Kipande cha sentimita 50 kikipungua milimita 1, ni asilimia 0.2. Chumba cha urefu wa mita 10 kina vipande 20 kwenye mstari, jumla sentimita 2 za uwazi. Vikirefuka badala ya kupungua, hizo sentimita 2 hazina pa kwenda isipokuwa juu, na vipande vinasukumana mpaka vinapanda.

Dawa ya hilo ni ile faiba. Kioo hakinywi maji, na joto la chumba halikirefushi kwa kiasi cha kutia hofu. Nyuzi zake fupi hutawanywa kwenye maji, maji yakachujwa kupitia wavu, ukabaki utando ambao hukaushwa kwa gundi yake. Ni namna ile ile karatasi inavyotengenezwa. Utando wa takriban gramu 50 kwa mita ya mraba, ukizamishwa katikati ya PVC au lami, hulishika tabaka lote lisitembee. Kipande kisicho nao huwa rahisi kwa bei, na ukikishika pembe moja kinaning'inia kilegevu. Mimi nisingekitandika Zanzibar, hata kama manyoya yake ni ya hariri.

Utando wa tatu, ule wa chini kabisa kwenye vipande vya lami, hauna mambo mengi. Nyuzi fupi za poliesta, mara nyingi zilizorudishwa kutoka kwenye chupa zilizotumika, huchanwa, hupangwa, kisha hudungwa na sindano zenye vijino vinavyozivuta nyuzi za juu kwenda chini mpaka zisongamane. Mazulia yale mepesi yanayotandikwa kwenye maulidi na harusi, yasiyo na manyoya wala vitanzi, mengi yake ni kazi hiyo hiyo tupu. Chini ya lami kazi yake ni kuzuia lami isigande sakafuni wala isichafue manyoya ya kipande kilicho chini yake kwenye boksi. Kontena likikaa juani bandarini lami hulainika, kwa hiyo maboksi ya zulia la lami yalazwe bapa, kivulini, yasisimamishwe ubavu hata kwa siku chache.

Nimeulizwa mara nyingi kama kitu hiki kingeweza kutengenezwa hapa, maana chupa tunazo, zinajaa mitaroni na ufukweni, na maeneo huru ya uchumi ya Fumba na Micheweni yapo. Jibu langu ni kwamba kitambaa cha msingi bado, lakini cha chini inawezekana. Mtambo wa kuyeyusha hautakiwi kuzimika. Umeme ukikatika, poliesta iliyo kwenye nyuzi 285 husimama ndani ya mabomba, huanza kuungua, huziba machujio na matundu, na sahani zote hufunguliwa zikasafishwe kabla ya kuanza upya. Waliokuwa Unguja mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme kutoka Bara ulipokatika na kisiwa kikakaa gizani, mara ya kwanza kwa karibu mwezi mzima na mara ya pili kwa karibu miezi mitatu, hawahitaji kuelezwa hatari hiyo. Waya mpya wa 2013 na ule wa Pemba kutoka Tanga wa 2010 vimebadilisha hali, lakini kukatika kwa dakika chache tu kunatosha kupoteza kazi ya siku nzima.

Mashine ya kudunga kwa sindano haina shida hiyo. Inafanya kazi baridi. Umeme ukikatika inasimama, ukirudi inaendelea ilipoachia. Nyuzi za chupa zinaiingia, na hata makumbi yetu yanaiingia. India na Sri Lanka hudunga nyuzi za makumbi zikawa shuka nene za magodoro na za kuzuia mmomonyoko wa udongo. Uzi wa makumbi hauwezi kuwa kitambaa cha msingi cha zulia, ni mnene na unakunywa maji, lakini wanawake wanaofukia makumbi kwenye mchanga wa pwani na kuyapiga wapate kamba wanastahili soko kubwa zaidi ya kamba. Hili naliamini kwa dhati, na nashangaa halizungumzwi zaidi.

Kwa anayenunua leo, kazi ianzie kwenye sampuli. Igeuze. Muulize muuzaji mgongo ni wa nini, ndani mna faiba au hamna, na kama zulia lilipimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 2551, ambapo kipande hutiwa kwenye joto la nyuzi 60, huzamishwa majini, hurudishwa kwenye joto, kisha huachwa kwenye hewa ya kawaida na kupimwa kimebadilika kiasi gani. Akikosa majibu, pima mwenyewe kwa namna ya nyumbani: chukua vipande vinne, vipime kwa rula ya chuma, viloweke saa mbili, vikaushe kwenye kivuli chenye joto, viache usiku kucha juu ya marumaru iliyonyooka, asubuhi vipime tena na utazame pembe. Vipande vinne, kwa sababu kimoja kinaweza kukudanganya. Peleka jicho pia kwenye mshale uliochapwa mgongoni. Unaonyesha upande ambao zulia lilitembea mtamboni, na fundi asipoufuata, hata kitambaa bora kitaonekana kimepinda.

Usisahau sakafu. PVC na lami haviruhusu mvuke kupita, kwa hiyo unyevu unaopanda kutoka kwenye zege changa, au kwenye kuta na sakafu za mawe na chokaa za Mji Mkongwe, hufungiwa chini. Ukikutana na ukali wa saruji huilegeza gundi, na kwa PVC huvunjavunja dawa inayoilainisha, ukatoka mvuke wenye harufu ambao watu huudhania ni uchafu. Fundi abandike karatasi ya plastiki ya mita moja ya mraba juu ya sakafu, aizibe kingo zote nne kwa utepe, aiache kwa saa 24. Akiifunua akakuta matone au zege limegeuka rangi, maboksi yabaki yamefungwa mpaka sakafu ikauke.